Kitakasa hakisafishi: kwa nini bia nzuri pipani huja kuharibikia chupani

Bia ya mkupuo ule ilikuwa nzuri pipani. Niliionja siku ya kuijaza kwenye chupa: laini, yenye harufu ya kimea na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), haina kasoro. Wiki ya pili bado ilikuwa nzuri. Wiki ya sita nikafungua chupa moja, kizibo kikaruka kabla sijamaliza kukibandua, na nusu ya bia ikajimwaga mezani. Iliyobaki ilikuwa nyepesi kama maji ya kusuuzia glasi, na ina uchachu wa mbali. Nilipoinua chupa kwenye mwanga nikaona pete nyeupe imeng'ang'ania shingoni, palepale usawa wa bia ulipoishia.

Anayepika bia nyumbani kwa muda wa kutosha ameiona pete hiyo, au ataiona. Na wengi wetu tukiiona hufanya kosa lilelile: tunatafuta dawa kali zaidi. Mimi nilibadilisha dawa mara tatu. Nikaongeza kipimo, nikaongeza muda wa kuloweka, na ugonjwa ukarudi vilevile. Nilikuwa namtafuta mchawi kwenye dawa, kumbe alikuwa amejificha ndani ya koki ya ndoo ya kujazia chupa, mahali ambapo dawa haikuwahi kufika hata siku moja.

Mkanganyiko unaanzia kwenye maneno. Kusafisha, kutakasa na kuua vijidudu wote husemwa kana kwamba ni kazi moja, kumbe ni tatu. Kusafisha ni kuondoa uchafu: mashapo ya hamira, mabaki ya hopsi, sukari iliyokauka, mafuta ya mikono. Kutakasa ni kupunguza vijidudu kwenye chombo ambacho tayari ni safi, wabaki wachache kiasi cha kutoleta madhara. Kwa vyombo vya chakula, kipimo kinachotajwa mara nyingi ni kuua 99,999 kati ya kila 100,000. Kuwaua wote kabisa, pamoja na spora zao (zile mbegu ngumu wanazojihifadhia), ni kazi ya maabara na chumba cha upasuaji. Mpishi wa bia haihitaji, na jikoni hataiweza.

Yale maneno "ambacho tayari ni safi" ndiyo watu huyaruka. Kitakasa humuua kijidudu kwa kumgusa, asipoguswa, hafi. Bakteria wanaoishi mahali penye unyevu na sukari hujijengea utando wa ute na kujishikiza humo kwa tabaka. Ukimimina dawa, walio juu wanakufa na walio chini wanasubiri ipite. Isitoshe, dawa za klorini na iodini huishiwa nguvu zikikutana na uchafu wa aina yoyote: zinapambana na mabaki ya kimea, na zamu ya bakteria ikifika zimekwisha. Kumwagia kitakasa chombo kichafu ni sawa na kujipulizia manukato bila kuoga.

Tunamwogopa nani hasa?

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Bia iliyokwisha kuchachuka ni mahali pagumu kwa kijidudu kuishi. Ina alkoholi, ina asidi (pH yake kwa kawaida ni kati ya 4 na 4.5), ina uchungu wa hopsi ambao bakteria wengi hawauwezi, ina gesi ya ukaa na karibu haina oksijeni. Bakteria wanaoleta magonjwa kwa binadamu hawazaliani humo. Bia iliyoharibika kwa hiyo huudhi zaidi kuliko inavyodhuru, isipokuwa chupa ikipasuka, na hilo nitalirudia.

Wanaoweza kuishi humo ni wachache na wanajulikana. Lactobacillus huleta uchachu. Pediococcus huleta ladha ya siagi, na wakati mwingine ute unaovutika kama uzi ukimimina. Acetobacter hugeuza alkoholi kuwa siki, ila lazima apate hewa, ndiyo maana humpata aliyeacha pipa nusu tupu likiwa wazi. Halafu kuna hamira pori. Hao ndio walioisumbua hata kampuni ya Carlsberg kule Copenhagen, mpaka Emil Christian Hansen alipofanikiwa, mwaka 1883, kutenga hamira safi iliyozalishwa kutokana na seli moja tu. Kabla yake Louis Pasteur alikuwa ameshaonyesha kwamba magonjwa ya bia huletwa na viumbe hai, si hali mbaya ya hewa wala mkosi.

Sasa tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini bia yangu ilikuwa njema pipani. Ukipika lita 20 za bia ya nguvu ya kawaida, hamira inayoshauriwa ni kama seli milioni 9 kwa kila mililita, yaani bilioni 180 kwa pipa zima. Bakteria elfu chache waliosalia kwenye vyombo wanakutana na jeshi hilo. Ndani ya siku mbili tatu hamira imekula sukari rahisi, imeshusha pH, imetoa alkoholi na kumaliza oksijeni. Wageni hawana pa kushika.

Lakini hawajafa. Bia iliyomaliza kuchachuka bado ina gramu 30 au zaidi kwa lita za sukari ndefu ambazo hamira yetu haiwezi kuzila. Hamira pori na bakteria wengine wanaziweza, polepole, kwa wiki na miezi. Chupa ya kawaida tunaiwekea sukari ya kutosha kutoa ujazo 2.5 hivi wa gesi, yaani lita 2.5 za gesi kwa kila lita ya bia. Kila gramu 4 za sukari kwa lita zinazoliwa zaidi ya hapo huongeza kama ujazo mmoja. Mgeni akila gramu 12 tu kwa lita za ile akiba, shinikizo ndani ya chupa linazidi mara mbili ya ulilopanga. Hapo ndipo bia inaporuka yenyewe, au kioo kinapopasuka kabatini usiku. Na bia inakuwa nyepesi kwa sababu ile sukari ndefu ndiyo iliyokuwa ikiipa mwili.

Kwa hiyo chombo kinachogusa bia siku ya kuijaza chupani kinahitaji uangalifu kuliko kile kilichogusa siku ya kupika. Wengi tunafanya kinyume: siku ya kupika tunang'arisha kila kitu, siku ya kujaza chupa tumeshachoka na tuna kiu.

Mpaka uko kwenye joto

Nimewahi kumwona mtu akitakasa sufuria ya kuchemshia. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Maji ya kimea, yaani yale maji matamu ambayo bado hayajawa bia, yakichemka kwa saa nzima huua kila mharibifu wa bia; zinazoweza kubaki ni spora chache, na hizo haziwezi kukua kwenye bia yenye hopsi. Sufuria, mwiko, kichujio cha kimea, vyote vinahitaji kuwa safi tu.

Mpaka unavukwa wakati wa kupooza. Yakishuka chini ya nyuzijoto 70 hivi, yale maji yana sukari tele, hayana alkoholi wala gesi, na hamira haijaingia. Kuanzia hapo, chochote kinachogusa lazima kiwe kimetakaswa: pipa na kifuniko chake, mpira wa kuhamishia, kipimajoto, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, pakiti yenyewe, mkono wako. Ile valvu ndogo ya maji inayotoa gesi bila kuingiza hewa ijaze kitakasa badala ya maji ya bombani, maana bia ikipoa hufyonza kidogo kilichomo. Usianzishe mpira kwa kunyonya na mdomo. Mdomo wa binadamu umejaa akina Lactobacillus. Na kimea kikavu usikisagie chumba kimoja na pipa lililo wazi: vumbi lake huwabeba hao hao, kwa sababu wanaishi kwenye maganda ya nafaka.

Kusafisha: muda na joto hushinda nguvu

Sabuni ya kuoshea vyombo inafaa kwa sufuria, lakini si rafiki wa pipa na chupa. Huacha mafuta na manukato, na mafuta kidogo tu yanatosha kuua povu la bia. Kinachofanya kazi vizuri zaidi kwa mpishi wa nyumbani ni sodiamu pakabonati, ule unga wa kuondolea madoa kwa oksijeni, usio na manukato. Ukiingia kwenye maji ya moto hugawanyika kuwa magadi ya kufulia na haidrojeni peroksaidi: magadi hulegeza mafuta na protini, viputo vya oksijeni hubandua kilichoganda. Maji ya nyuzijoto 50 hadi 60, kiasi kama kijiko kikubwa kwa lita 4, loweka nusu saa au usiku kucha kama chombo kilisahaulika, kisha suuza vizuri. Mara nyingi huhitaji kusugua kabisa.

Na hilo ni jema, kwa sababu kusugua kuna hatari yake. Dodoki laini ni sawa. Upande ule wa kijani unaokwaruza, au stilwaya, usiusogeze karibu na ndoo ya plastiki. Kila mkwaruzo ni mfereji ambao jicho halioni na dawa haifiki. Ndoo iliyokwaruzwa ndani igeuze kazi: iwe ya kubebea vyombo au kulowekea chupa, lakini bia isiingie tena.

Kuna uchafu mmoja ambao magadi hayauwezi: lile gamba gumu jeupe au la hudhurungi, kama chokaa, linalojijenga polepole kwenye vyombo vilivyotumika muda mrefu. Ni kalsiamu oksaleti, iliyochanganyika na protini. Huondoka kwa asidi, kwa mfano asidi ya fosfori iliyopunguzwa makali, baada ya kuosha kwa pakabonati, si kwa kuzichanganya mbili hizo pamoja. Ukipitisha kidole kwenye chombo unachoamini ni safi ukasikia mkwaruzo kama wa msasa laini, ndilo hilo.

Sasa ile koki. Ukiitazama kwa nje ni kitu kimoja cha plastiki. Kumbe ni mirija miwili: mmoja umesimama, mwingine umekazwa ndani yake na ndio unaozunguka unapofungua. Kwa miaka mingi niliisafisha kwa kupitisha maji ya moto, dawa, maji tena. Siku niliyokata tamaa niliitumbukiza kwenye maji ya moto kama dakika tano ili plastiki ilegee, nikaishika kwa kitambaa na kuusukuma mrija wa ndani kwa mpini wa mwiko. Ulichomoka kwa sauti ya kizibo. Kati ya mirija ile miwili kulikuwa na tope la kahawia, linaloteleza kidoleni, lenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Kila chupa niliyowahi kujaza ilikuwa imepita hapo. Pipa lilikuwa safi, chupa zilikuwa safi, na katikati niliichuja bia yangu kwenye kijito cha bakteria.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa anayelalamika bia imechacha si "unatumia dawa gani?" bali "umefungua nini?". Koki ifunguliwe kila mara. Valvu za chuma vilevile, na ule mpira wa kukazia nyuma ya nati. Kifimbo cha kujazia chupa kina springi ndogo kwenye ncha, na springi hupenda kukusanya mashapo. Mipira ya kuhamishia bia isuuzwe papo hapo baada ya kazi, izungushwe hewani kutoa maji, itundikwe ikauke. Ikianza kuwa na ukungu mweupe ndani usiihangaikie, nunua mingine.

Chupa

Kazi ya chupa hufanyika pale unapomaliza kunywa, si siku ya kujaza. Suuza mara tatu kwa maji moto, itikise, ipindue. Sekunde 20. Ukiiacha mpaka kesho, mashapo yanaganda chini, na wiki ijayo ni bustani ya ukungu. Chupa zangu zote zimesuuzwa hivyo, kwa hiyo siku ya kujaza nazimulika tu moja moja dhidi ya taa, nikitazama kitako na ile kona ya bega ambapo brashi hupita bila kugusa. Yenye doa inarudi kwenye pakabonati usiku mzima. Doa likikataa baada ya hapo, chupa inatupwa. Bia haina thamani ya kubishana na chupa moja. Pitisha pia kidole mdomoni mwa chupa: iliyomeguka haitafunga vizuri na inaweza kupasuka unapobana kizibo.

Kutakasa chupa safi ni jambo la dakika moja: kitakasa kiingie, kiguse kila upande, kimwagwe, chupa ikae kichwa chini ichuruzike. Wanaopenda joto wanaweza kutumia oveni: chupa zilizo safi na kavu, midomo imefunikwa kwa karatasi ya alumini, zinawekwa oveni ikiwa baridi, inapandishwa taratibu hadi nyuzijoto 170 kwa saa moja, halafu zinaachwa zipoe humohumo. Faida yake ni kwamba zikifunikwa hivyo unaweza kuzitunza siku kadhaa. Hasara ni kwamba kioo kinachopashwa na kupoozwa mara nyingi hudhoofika, na ukiharakisha kitapasuka. Mashine ya kuoshea vyombo inaweza kutakasa kwa mvuke wake, lakini haisafishi ndani ya shingo nyembamba, na ile dawa yake ya kung'arisha glasi huua povu. Chupa za plastiki usizichemshe, zinanywea.

Vizibo vilowekwe kwenye kitakasa dakika chache kabla ya kutumika. Vile vyenye utando wa kufyonza oksijeni huanza kazi vikilowa, basi visiloweshwe mapema.

Dawa ipi?

Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Kwa chombo kilicho safi, karibu zote zinafaa; tofauti iko kwenye usumbufu.

Vitakasa vya asidi vyenye povu, kama Star San, ni mchanganyiko wa asidi ya fosfori na kitoa povu kinachopasua utando wa seli. Kipimo ni mililita 1.5 hivi kwa lita, dakika 1 hadi 2, hakuna kusuuza. Povu likibaki chupani liache: likichanganyika na bia, asidi inapungua mpaka haina nguvu wala ladha. Kusuuza kwa maji ya bombani hapo ni kurudisha bakteria uliokwisha kuwaondoa. Mchanganyiko hufanya kazi ukiwa chini ya pH 3. Ukitunzwa kwenye chupa ya kupulizia kwa maji yaliyochujwa vizuri hudumu wiki nyingi.

Vya iodini vinapimwa hadi miligramu 12.5 kwa lita, dakika 10. Uzuri wake ni kwamba vinajisemea: rangi ya kaharabu ikififia, nguvu imekwisha. Vinatia madoa kwenye mipira na vidole.

Klorini ya kufulia, ile wengi huiita jiki, ndiyo inayopatikana kwa urahisi na ndiyo yenye mitego mingi. Mililita 4 kwa lita ya maji baridi kwa dakika 20 hutakasa vizuri. Lakini mabaki yake yakikutana na fenoli zilizomo kwenye bia hutengeneza klorofenoli, na ulimi huzitambua hata zikiwa kidogo mno: bia inanuka bendeji na dawa ya kuoshea kidonda, wala haitapona kwa kukaa. Kwa hiyo suuza, na usuuze kwa maji yaliyochemshwa kisha yakapoa. Isiachwe kwenye chuma cha pua, hukitoboa vitundu. Na jambo lisilo na mzaha: klorini isichanganywe kamwe na siki, na asidi yoyote, wala na amonia. Gesi inayotoka huumiza mapafu.

Alkoholi ya asilimia 70 ni nzuri kwa kupulizia ncha za koki, mkasi na mikono. Ya asilimia 95 ni dhaifu zaidi kwa kazi hii, kwa sababu maji ndiyo yanayoisaidia kuharibu protini za kijidudu. Vidonge vya salfaiti vinavyotumiwa na watengeneza mvinyo huzuia vijidudu kuliko kuwaua. Kwa vyombo vya bia sivitegemei.

Ukitaka kujua kama usafi wako unafanya kazi bila kungoja wiki sita, kuna jaribio la bure. Chukua mitungi miwili midogo ya kioo iliyochemshwa dakika 10. Wa kwanza ujaze maji ya kimea moja kwa moja kutoka kwenye sufuria yakiwa bado ya moto sana. Wa pili ujaze yale yaliyokwisha kupoozwa, ukiyapitisha kwenye mpira na koki zako zilizotakaswa kama kawaida. Usitie hamira. Weka vifuniko bila kukaza, maana mtungi uliofungwa unaweza kupasuka, uiache mitungi mahali penye joto la chumba, na baadaye mwaga yote bila kuonja. Mtungi wa kwanza ni wa kulinganishia tu; wa pili ukianza kutoa viputo au kuchafuka rangi ndani ya siku moja, kuna chombo hujakifungua. Ukipita siku tatu ukiwa kimya, uko vizuri.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, nikiwa na koki ileile niliyoifungua na kuilaza usiku kucha kwenye pakabonati, mtungi wa pili ulikaa hadi siku ya tano. Kisha nikafanya tena na koki ya zamani iliyokuwa sandukuni, ya aina ileile, niliyoitakasa vizuri kabisa bila kuifungua. Asubuhi ya pili mtungi ulikuwa na povu.